Etymonline: kamusi ya bure ya asili ya maneno ya Kiingereza, na namna ya kuisoma bila kupotoka

Kama unafundisha Kiingereza, unatafsiri, au unahubiri ukiwa na Biblia ya King James mkononi, kuna tovuti unayopaswa kuihifadhi kwenye simu yako leo: etymonline.com. Ni kamusi ya asili ya maneno ya Kiingereza na namna maana zake zilivyobadilika karne hadi karne. Hailipishi, hailazimishi kujisajili, na kwa kuwa kurasa zake ni maandishi zaidi ya kitu kingine, inafunguka hata mtandao ukisuasua. Matangazo yapo, lakini yanavumilika. Tunaisifu huku tukijua kasoro zake. Kubwa kati ya hizo ni kwamba imeandikwa kwa mkato, na asiyeujua mkato huo huondoka na majibu ya uongo akiamini ameyapata kwa mtaalamu.

Aliyeitunga ni Mmarekani Douglas Harper wa Pennsylvania, mwanahistoria aliyewahi pia kuhariri gazeti, na alianza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hajidai kuwa amechimba asili ya kila neno kwa mikono yake. Amekusanya yaliyomo katika kamusi kubwa za waliomtangulia, akiwemo Ernest Weekley, Ernest Klein na kamusi kuu ya Oxford, kisha akayapanga kwa lugha fupi. Jambo hili lina uzito wakati wa kunukuu. Mwanafunzi wa chuo anaweza kuanzia hapa, lakini kwenye tasnifu anukuu chanzo cha nyuma yake.

Ubora wa tovuti hii unaonekana vizuri kwenye neno "nice". Mstari wa kwanza unatoa kidahizo (neno linaloelezwa), aina ya neno, kisha tarehe: mwishoni mwa karne ya 13. Maana ya wakati huo ilikuwa "mpumbavu, asiyejua kitu". Neno lilitoka Kifaransa cha Kale, ambacho nacho kililitoa katika nescius ya Kilatini, "asiyejua", iliyoundwa kwa ne- ya kukanusha na kitenzi scire, "kujua". Kuanzia hapo kamusi inashuka nawe ngazi kwa ngazi: "mwoga" kabla ya 1300, "mgumu wa kuridhika" mwishoni mwa karne ya 14, "-ororo" kwenye mwaka 1400 hivi, "makini, -a usahihi" katika miaka ya 1500, "-a kupendeza" mwaka 1769, na "mwema, mwenye kujali" mwaka 1830. Kamusi ya kawaida ingekupa ngazi mbili za mwisho tu. Ngazi ya "makini" bado inaishi katika usemi "a nice distinction", ambao maana yake ni tofauti ndogo inayohitaji jicho kali kuiona. Mfasiri anayeandika "tofauti nzuri" amekosea, na kosa hilo hutokea mahali pabaya, kwa maana usemi wenyewe hupatikana zaidi kwenye hukumu za mahakama na maandishi ya falsafa.

Sasa mkato wenyewe. Herufi "c" inatumika kwa namna mbili, na hapa ndipo wengi hukwama. "c. 1300" ina maana "mnamo mwaka 1300", kwa makadirio. "13c." ni karne ya 13, yaani miaka ya 1200. Anayesoma "late 13c." kuwa ni mwisho wa miaka ya 1300 amekosea kwa miaka mia nzima. "1590s" ni muongo wa 1590 hadi 1599. Tarehe zote hizi ni za maandishi ya kwanza yaliyosalia hadi leo. Watu walikuwa wakilitamka neno kabla ya hapo, pengine kwa muda mrefu, na tovuti yenyewe inaonya kuwa tarehe za kabla ya 1700 zichukuliwe kwa makadirio. Usimwambie mwanafunzi kwamba neno "lilizaliwa" mwaka fulani. Mwambie kwamba mwaka huo ndipo linapoonekana kwa mara ya kwanza kwenye maandishi.

Nyota inayotangulia neno, kama katika *kerd-, inaonyesha umbo ambalo hakuna aliyelikuta limeandikwa popote. Wanaisimu wamelijenga upya kwa kulinganisha lugha nyingi. Hapa ni mzizi wa Kihindi-Ulaya mame, lugha inayodhaniwa kuwa chimbuko la Kilatini, Kigiriki, Kisanskriti, Kijerumani na Kiingereza. Mizizi mingi ina ukurasa wake wenye orodha ya maneno ya Kiingereza yaliyochipuka humo, na kwa mwalimu ukurasa huo ni hazina. Chini ya *kerd-, "moyo", utakuta "heart", "cardiac", "courage", "record" na "accord". Somo zima la msamiati linatoka hapo, na ndani yake pia kuna kanuni ya sauti aliyoieleza Jacob Grimm mwaka 1822: /k/ ya zamani iligeuka /h/ katika lugha za jamii ya Kijerumani, Kiingereza kikiwemo, /p/ ikawa /f/, na /t/ ikawa th. Ndiyo sababu neno la daktari, "cardiac", lililopitia Kigiriki, lina /k/, na neno la nyumbani, "heart", lina /h/.

Kosa linalofanywa zaidi kuliko yote liko kwenye maneno mawili tu: "from" na "source also of". La kwanza linataja mzazi. La pili linataja ndugu. Ukifungua "father" utakuta pater ya Kilatini na ya Kigiriki, na pitar- ya Kisanskriti, zikitanguliwa na "source also of". Watu huiona pater na kutangaza kwamba "father" ni neno la Kilatini. Sivyo. "Father" na pater ni watoto wa mzizi mmoja waliokulia nyumba tofauti. Linalotokana na pater hasa ni "paternal", lililokopwa baadaye. Kabla ya kunukuu, rudi usome kila kiunganishi. Fanya vivyo hivyo na maneno ya tahadhari: "perhaps", "probably", "of uncertain origin", "said to be". Harper hayaweki kwa kupamba. Kwenye "salary", kwa mfano, uhusiano wa neno la Kilatini salarium na chumvi umetajwa kwa tahadhari hiyo, na ni sawa, kwa sababu ile habari inayosimuliwa kila semina ya ujasiriamali kwamba askari wa Roma walilipwa mshahara wa chumvi haina maandishi ya wakati wao yanayoithibitisha.

Hutumii tovuti hii vizuri pia kama hujui kwamba maneno yanayofanana tahajia hugawanywa katika vidahizo tofauti. Utaona "(n.)" kwa nomino, "(v.)" kwa kitenzi, na pale yanapozidi, "(n.1)", "(n.2)", "(v.3)". "Bank" ya fedha na "bank" ya ukingo wa mto zina vidahizo viwili. Kwenye simu, matokeo ya kwanza hujaza kioo na mengine hubaki chini. Shuka mpaka mwisho wa orodha kabla ya kuamua.

Wanaosoma King James, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ndio wanaoumia zaidi na jambo hili, na ndio tungependa waitumie tovuti hii kuliko kundi lolote. Katika 2 Wathesalonike 2:7 Kiingereza kinasema "he who now letteth will let". Ukifungua kitenzi "let" utapata "kuruhusu", na aya itageuka kinyume. Jibu liko kwenye "let" nyingine, ile nomino yenye maana ya "kizuizi", ambamo anatajwa yule kitenzi wa kale wa "kuzuia". Ni maneno mawili yaliyokuwa na maumbo tofauti katika Kiingereza cha Kale, yakaja kukutana kwenye tahajia moja. Biblia ya Kiswahili haina utata huo: inasema yuko azuiaye. Vivyo hivyo "prevent" katika 1 Wathesalonike 4:15. Leo ni "kuzuia", lakini tovuti inarudi kwenye praevenire ya Kilatini, "kuja mbele", na inaonyesha kwamba Kiingereza kilianza na maana ya kumtangulia mtu. Watafsiri wa Kiswahili waliandika "hatutawatangulia", na ndivyo ilivyo. "Conversation" katika Wafilipi 1:27 haihusu mazungumzo. Katikati ya karne ya 14 neno hilo lilimaanisha mahali pa kuishi na namna ya kuenenda, na maana ya kuzungumza ilikuja miaka ya 1570. Kiswahili kinasema "mwenendo". Na "meat" ya Mwanzo 1:29, ambayo Mungu anawapa wanadamu kutokana na miche na matunda, ni chakula cha aina yoyote. Neno lilianza kubanwa kwenye nyama mnamo 1300, lakini maana pana iliendelea kuishi pembeni yake kwa karne kadhaa, na imebaki ndani ya "sweetmeat". Mahubiri yanayojengwa juu ya maana ya leo ya maneno haya yamejengwa juu ya mchanga, na kuyakagua ni kazi ya dakika mbili.

Lipo shimo upande wa pili pia. Kuijua maana ya kwanza hakukupi "maana halisi". "Silly" ilikuwa "mwenye heri" katika Kiingereza cha Kale, ikawa "asiye na hatia", ikawa "wa kuhurumiwa", ikawa "dhaifu", hadi kufikia "mpumbavu" miaka ya 1570. Nduguye wa Kijerumani, selig, amebaki na heri yake mpaka leo. Ukimwita mtu "silly" hujambariki. Maana ni ile waliyonayo wasemaji wa wakati unaousoma, na faida ya kamusi yenye tarehe ni kukuwezesha kuujua wakati huo.

Kazi nyingine ambayo Etymonline inaifanya vizuri ajabu ni kuzima uzushi wa mitandaoni. Makundi ya WhatsApp ya walimu na wanafunzi yamejaa picha zinazodai kuwa "news" ni kifupi cha kaskazini, mashariki, magharibi na kusini kwa Kiingereza, au kwamba "golf" ni kifupi cha agizo la kuwakataza wanawake, "Gentlemen Only, Ladies Forbidden". Ukaguzi ni mwepesi. Tafuta neno, angalia tarehe, kisha tahajia za zamani. "News" ni wingi wa "new", "mambo mapya", lipo tangu mwishoni mwa karne ya 14 na liliiga Kifaransa. "Golf" limo kwenye sheria ya bunge la Scotland ya mwaka 1457 iliyoupiga marufuku mchezo huo, na liliandikwa kwa tahajia ambazo haziwezi kabisa kuwa kifupi cha maneno hayo manne. Kanuni ya kushika: kuunda neno kwa herufi za mwanzo za maneno mengine ni desturi iliyoshamiri karne ya 20, kwa hiyo hadithi ya namna hiyo kuhusu neno la karne ya 14 karibu kila mara ni ya kubuni. Tofauti inayojulikana sana ni "OK". Hilo kweli lilianza kama kifupi, mzaha wa tahajia mbovu "oll korrect", kwenye gazeti la Boston mwezi Machi 1839. Angalia lakini jinsi ushahidi wake ulivyo mahususi: gazeti, mji, mwezi. Uzushi haunaga vitu hivyo.

Kuna hadithi moja inayotugusa sisi wenyewe. Inasemwa kwamba "jumbo" ya Kiingereza, kubwa kupita kiasi, imetokana na "jambo" au "jumbe" ya Kiswahili kupitia yule tembo maarufu wa bustani ya wanyama ya London aliyeuzwa kwa P. T. Barnum wa Marekani mwaka 1882. Tarehe inakataa sehemu ya tembo. Neno lilishaandikwa mwaka 1823 likimaanisha mtu au kitu kikubwa kizito kisicho na wepesi, na tembo huyo alikuwa bado hajazaliwa. Alichofanya ni kulisambaza jina hilo hadi likawa alama ya ukubwa wa bidhaa. Kuhusu asili, tovuti inasema huenda ni neno la tembo katika lugha ya Afrika Magharibi, na inatupeleka kulinganisha na nzamba ya Kikongo. Hapa pia ndipo udhaifu wake unapoanza kuonekana. "Lugha ya Afrika Magharibi" ni maelezo mapana mno. Kwa neno la Kifaransa ungepewa karne na hata lahaja.

Kwa msomaji wa Kiswahili, pengo hilo linauma zaidi kwenye maneno ya Kiarabu. Mnyororo wa Etymonline hufika Kiarabu na kusimama, na haukuonyeshi ndugu waliofika pwani yetu kwa njia nyingine. Inabidi uuendeleze mwenyewe, na thamani yake ni kubwa. "Monsoon" inafuatwa kutoka Kidachi hadi Kireno hadi mawsim ya Kiarabu, wakati maalumu wa safari au hija. Huyo ndiye "msimu" wetu, uliofika kwa majahazi bila kupitia Ulaya. "Tariff", ya miaka ya 1590, ilipitia Italia kutoka ta'rif, tangazo au orodha ya ada. Kiswahili kina "taarifa", pamoja na "arifu" na "maarufu" za mzizi uleule. "Magazine" ilianza kama ghala katika miaka ya 1580, kutoka makhazin ya Kiarabu, na ikawa jarida mwaka 1731 pale jarida moja la London lilipojiita hivyo kwa maana ya ghala la habari. Mzizi huohuo umetupa "hazina". "Admiral" ana amir ndani yake, yule wa "Amiri Jeshi Mkuu". Mwalimu akiyaweka maneno haya mawili mawili ubaoni, mwanafunzi anashika maana na historia ya Bahari ya Hindi kwa pamoja. Tungetamani tovuti ifanye nusu ya kazi hii. Haifanyi, na kwa kuwa lengo lake ni Kiingereza, sidhani kama itaifanya.

Wiktionary, kamusi huria ya mtandaoni, inaziba sehemu ya pengo hilo. Ukifungua neno la Kiarabu humo, mara nyingi utakuta orodha ya vizazi vyake katika lugha nyingine, mara nyingine Kiswahili kikiwemo, tena kwa hati ya Kiarabu yenyewe, wakati Etymonline huandika kila kitu kwa herufi za Kilatini. Ila yeyote anaweza kuihariri. Ukikuta asili isiyo na rejeo chini yake, ichukue kama fununu tu.

Mwamuzi wa mwisho ni Oxford English Dictionary. Sehemu yake ya kwanza ilitoka 1884, ikakamilika 1928, na toleo la pili la 1989 lina majuzuu 20. Sasa inaishi mtandaoni na kuongezewa maneno kila robo mwaka. Nyongeza za 2022 zilileta kundi la maneno ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, "nyama choma" na "jembe" yakiwamo. Tofauti yake na Etymonline ni ushahidi: kila maana ina nukuu zenye mwaka na mwandishi, kuanzia ya kale kabisa. Mfano ni "computer", ambalo kabla ya mashine lilimaanisha mtu anayepiga hesabu. Etymonline imeliweka miaka ya 1640. Oxford ina nukuu ya 1613 kutoka kwa Richard Brathwait. Tofauti ya miongo miwili au mitatu kama hiyo ni ya kawaida, kwa sababu Oxford inaendelea kurekebisha.

Kuisoma yote kunahitaji kulipia, na ada ya mtu mmoja ni nzito kwa mwalimu. Hata hivyo usikate tamaa mapema. Tovuti yake huonyesha bure muhtasari wa kila neno, ukiwa na mwaka wa ushahidi wa kwanza na chanzo chake, na mara nyingi hicho ndicho unachokitafuta. Walioko Uingereza wajaribu namba ya kadi ya maktaba ya umma, kwani maktaba nyingi huko zimeshalipia kwa niaba ya wanachama wao. Walioko vyuoni waulize maktaba zao. Majuzuu ya toleo la kwanza yanapatikana bure kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, kama picha za kurasa. Yanafaa kwa maneno ya Biblia na Shakespeare, hayafai kwa chochote cha karne ya 20, na faili zake ni kubwa, kwa hiyo pakua kwenye Wi-Fi, usimalize bando. Kwa maneno ya kati ya mwaka 1100 na 1500, Chuo Kikuu cha Michigan kimeiweka wazi kamusi yake ya Kiingereza cha Kati bila malipo.

Etymonline ina programu ya simu pia, lakini tovuti inatosha. Usiitegemee kwa matamshi wala kwa maana zote za leo. Kamusi ya kawaida ibaki pembeni. Ukitafuta neno usilione, ondoa kiambishi cha mwisho na utafute shina, maana maneno mengi ya kunyambuliwa yamewekwa chini ya shina lake. Na ukikuta kidahizo kisichosema zaidi ya "asili haijulikani", usihangaike kutafuta tovuti yenye jibu la uhakika zaidi. "Girl", ambalo mnamo 1300 lilikuwa mtoto wa jinsia yoyote, limewashinda wataalamu wote hadi sasa.